Pima Maji Kabla ya Kufungua Gunia

Mazungumzo na mafundi wa uchimbaji na wanafunzi wa uhandisi, Unguja Mjini

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana wa chuo mliojaza viti vya nyuma: assalamu alaykum.

Hapa mezani pana chupa mbili. Kila moja ina lita moja ya maji na gramu 50 za bentonaiti, ule udongo unaovimba tunaotengenezea tope la kuchimbia, na bentonaiti yenyewe imetoka gunia moja. Zilikorogwa jana kwa mashine ile ile na kwa muda ule ule. Ya kushoto ina maji ya bomba. Ya kulia ina maji ya kisima kilicho karibu na pwani, maji ambayo mwenye kisima anaogea na kufulia wala halalamiki. Itazameni hii ya kulia. Udongo wote umelala chini, na juu yamebaki maji meupe kabisa. Ya kushoto nikiilaza hivi, mnaona, inajivuta, haitaki kuondoka mpaka niitikise.

Gunia moja limetoa matope mawili, na nilichokuja kusema leo kimo humo humo. Hapa visiwani kwetu tope la kuchimbia huharibikia kwenye maji kabla halijafika kwenye mashine, na fundi anayelipima kwa kutazama unene wake hatajua kitu mpaka shimo limporomokee.

Wengine mtasema, Unguja hatuna treni ya chini ya ardhi, haya ya nini? Ni kweli hatuna. Lakini tunachimba nguzo za msingi za majengo kwenye mchanga uliojaa maji. Tunapitisha mabomba na nyaya chini ya barabara ambazo hakuna anayetaka zipasuliwe. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa baharini unaoingilia Fumba, na wa Pemba unatoka Tanga, na kila waya wa namna hiyo unapofika ufukweni huja swali: tuuchimbie mtaro wazi katikati ya mwani wa watu, au tuupitishe chini? Halafu kuna Mji Mkongwe, wenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa na vichochoro ambavyo gari haipiti. Nyumba ya namna hiyo haivumilii ardhi iliyo chini yake kuondoka hata kidogo. Ukichimba karibu nayo, kitu pekee kilichosimama baina ya mchanga wa msingi wake na shimo lako ni tope.

Historia nitaipita haraka, maana si yangu. Baina ya mwaka 1900 na 1901, kule Spindletop, Texas, ndugu wa Hamill walikuwa wakichimba mafuta na mchanga ukiwaporomokea. Inasimuliwa kwamba walipitisha ng'ombe ndani ya bwawa wavuruge maji, wakasukuma tope lile shimoni, na kuta zikasimama. Miaka ya 1950 Christian Veder, mhandisi wa Austria aliyefanya kazi Italia, akaeneza njia ya kuchimba mtaro mwembamba mrefu uliojazwa tope, kisha zege likamwagwa kutokea chini likalisukuma tope juu. Msingi wa World Trade Center, New York, ulizungushiwa ukuta uliojengwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1960. John Bartlett wa Uingereza naye mwaka 1964 alichukua hataza ya mashine ya handaki ambayo mbele yake ardhi inashikiliwa na tope lenye msukumo. Mashine kubwa zinazopita leo chini ya mito na miji zimetokana na wazo hilo.

Sasa tuingie ndani ya gunia.

Madini yanayofanya kazi humu yanaitwa montimoriloniti. Punje zake ni vibamba, na kila kibamba kina unene wa takriban nanomita moja, wakati upana wake ni mamia ya mara ya unene huo. Nyuso za vibamba zina chaji hasi. Baina ya kibamba na kibamba hukaa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za metali nyepesi, ama sodiamu ama kalsiamu. Tofauti ya ioni hizi mbili ndiyo inayopandisha au kushusha bei ya gunia. Sodiamu inabeba chaji moja na inashika kwa ulegevu, kwa hiyo maji yanapenya na vibamba vinaachana. Kalsiamu inabeba mbili na inavibana vibamba pamoja, kwa hiyo maji hayapati mlango. Bentonaiti nzuri ya sodiamu, kama ile ya Wyoming, inaweza kuvimba mpaka mara 15 ya ukubwa wake ilipokuwa kavu. Ya kalsiamu haifiki hata karibu. Ndiyo maana viwanda vingi huchukua udongo wa kalsiamu na kuuchanganya na kabonati ya sodiamu ili ubadilishe tabia. Moja ya nchi zinazotoa bentonaiti kwa wingi ni India, hasa upande wa Kutch, Gujarat, huko huko majahazi yalikokuwa yakitoka kuja Unguja kila kaskazi.

Vibamba vikishaachana na maji yakatulia, vinaanza kushikana tena, safari hii kwa uwazi, kingo kwa nyuso, vikajenga wavu mpana unaoshikilia maji yote yaliyo ndani yake. Hapo tope limeganda. Likorogeni, wavu unakatika na tope linakwenda. Liacheni, wavu unajijenga upya. Hili linaweza kurudiwa tena na tena, na ndilo linalolitofautisha tope hili na maji mazito mengine mengi. Tunalitaka ligande pampu ikizimwa, ili vifusi visizame na kuikaba biti, yaani kichwa cha kuchimbia. Tunalitaka liregee pampu ikiwashwa, ili lisitumalizie dizeli.

Kwa hiyo kulipima tope ni kuliuliza maswali mawili: likisimama likoje, na likienda likoje. Faneli ya Marsh, ambayo kila mmoja wetu anayo, haijibu swali lolote kati ya hayo kwa ukamilifu. Faneli hiyo ilitolewa mwaka 1931. Unaijaza, unaachia kidole, unahesabu sekunde mpaka kikombe cha mililita 946 kijae. Maji matupu huchukua sekunde 26. Tope la kazi za kuta na nguzo huwa baina ya 32 na 50. Ni kipimo kizuri cha kukujulisha kwamba kuna kitu kimebadilika tangu asubuhi. Kukwambia ni kitu gani, hakiwezi. Matope mawili yanaweza kutoka kwenye faneli kwa sekunde 40 yote mawili, moja likashika kokoto na jingine likaiachia izame.

Mwashi anayepiga lipu analijua hili bila kusoma. Chokaa iliyokaa juu ya mwiko haidondoki, ingawa ni laini. Inabaki pale mpaka mkono uisukume, na ikishasukumwa inateleza. Ina nguvu ya kuanzia, na baada ya hapo ina ugumu wa mwendo, mambo mawili tofauti. Eugene Bingham, mkemia wa Marekani, ndiye aliyeliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1916. Sehemu ya kwanza tuiite nguvu ya kuanzia. Ya pili ni mnato wa mwendo. Kimiminika cha Bingham kinadai kwanza ulipe nguvu ya kuanzia, ndipo kikubalie kwenda, na kila ukiongeza kasi kinadai zaidi kwa kadiri ya mnato wake. Tope halisi halifuati mstari mnyoofu hivyo, hasa kwa kasi ndogo, lakini kwa kazi za kila siku hesabu ya Bingham inatosha.

Chombo chake ni kile cha silinda mbili, ya nje inazunguka na ya ndani inasoma. Chukueni kalamu. Tuseme kwa mizunguko 600 kwa dakika kinasoma 30, na kwa mizunguko 300 kinasoma 22. Toa 22 katika 30: mnato wa mwendo ni sentipoizi 8. Toa 8 katika 22: nguvu ya kuanzia ni 14 kwa kipimo cha Kimarekani, ukizidisha kwa 0.48 unapata paskali 6.7. Hesabu hii mtoto wa skuli anaiweza. Kisha zima chombo, subiri sekunde 10, zungusha polepole kabisa usome namba ya juu kabisa kabla tope halijaregea. Subiri dakika 10, rudia. Hizo mbili ni nguvu za kuganda. Zikiwa zimelingana na ni ndogo, tope lako halishiki. Ya dakika 10 ikiwa imeruka mara nyingi kuliko ya sekunde 10, jitayarisheni, nitarudi kwenye hilo.

Nguvu ya kuanzia inafanya nini shimoni? Kwanza inabeba. Punje haizami ikiwa uzito wake ndani ya tope hautoshi kuvunja wavu. Punje ya mchanga ya milimita moja inashikiliwa na nguvu iliyo chini ya paskali moja. Kokoto ya sentimita moja inadai mara kumi ya hiyo. Kwa hiyo lile tope letu la paskali 6.7 linashikilia mchanga wote bila taabu, na kokoto za sentimita moja litaanza kuziachia. Hapa ndipo unapoona upuuzi wa kusema tope ni zuri au baya bila kutaja ardhi.

Na ardhi yetu inatofautiana kwa hatua chache tu. Magharibi ya Unguja kuna kichanga na kinongo, ule udongo mwekundu, na mabondeni kuna kinamo, udongo unaonata. Mashariki na kusini ni uwanda, udongo mwembamba juu ya maweni, yaani mwamba wa matumbawe. Pemba ina milima na mabonde yake, na udongo wake ni mzito zaidi. Kwenye kichanga, tope linapojaribu kupenya ukutani maji yake yanachujika na vibamba vinabaki, vikatengeneza ukoko mwembamba unaoziba. Ukoko huo ndio ukuta wenyewe. Msukumo wa tope unaulalia, ukoko unaupeleka msukumo kwenye mchanga, na mchanga unasimama. Ukoko wa tope jipya usizidi milimita 3 kwenye kipimo cha dakika 30. Ukiwa mnene si sifa. Maana yake maji yanavuja sana na udongo unalundikana.

Kwenye maweni mambo ni mengine kabisa. Mwamba wenyewe unasimama, hauhitaji kushikiliwa, ila una nyufa na mapango. Mangapwani lipo, Kuumbi kule Jambiani lipo, na yapo mengi madogo ambayo hayajawahi kuonwa na mtu. Ukoko haujengeki juu ya tundu la kidole. Kinacholizuia tope lisikimbie ni nguvu yake ya kuanzia peke yake. Ufa wa upana wa sentimita moja, na tope la paskali 10, unapunguza msukumo kwa kilopaskali 2 tu kwa kila mita. Ukiwa na msukumo wa ziada wa kilopaskali 20, tope litasafiri mita 10 ndani ya mwamba kabla halijasimama, na kama njiani ufa unapanuka, halisimami. Nimewaona watu wakimimina gunia baada ya gunia kwenye shimo la namna hiyo wakingojea lijae. Halijai. Mwamba wa namna hiyo upigwe kwa nyundo ya upepo, au ufa uzibwe kwa vitu vya punje kubwa, au kwa saruji, ndipo uchimbaji uendelee. Na kama ni kisima cha maji ya kunywa, bentonaiti iliyosukumwa kwenye nyufa imeziba njia ile ile maji yaliyokuwa yaje.

Niseme habari ya bamvua, kwa sababu vitabu vingi vya uchimbaji vimeandikwa na watu ambao maji ya ardhini kwao hayapandi na kushuka kila siku. Kwetu, karibu na pwani, ndani ya mwamba wa matumbawe, maji ya kisima yanaifuata bahari. Na bahari yetu siku za bamvua inapanda na kushuka kiasi cha mita 4. Sasa fikirini mtaro wenye tope la uzito wa 1.05 ukililinganisha na maji matamu, na maji ya chumvi nje yenye uzito wa 1.025. Maji yamekupwa, uso wa tope uko mita moja na nusu juu ya uso wa maji ya ardhini. Kwenye kina cha mita 10 chini ya uso huo wa maji, tope linausukuma ukuta kwa takriban kilopaskali 18 za ziada. Ukuta umetulia, kila mtu amefurahi, watu wanakwenda kulala. Usiku maji yanajaa, na ndani ya mwamba yanapanda mita moja na nusu. Pale pale kwenye kina kile kile, ziada iliyobaki haifiki hata kilopaskali 3. Hakuna aliyegusa tope. Faneli ingesoma sekunde zile zile. Ukuta unaporomoka saa nane ya usiku na asubuhi mlinzi ndiye anayelaumiwa.

Kwa hiyo uso wa maji ya ardhini upimwe siku ya bamvua, maji yamejaa, si siku ya maji mafu mchana. Uzito wa tope hautakuokoa hapo, kwa sababu tofauti ya 1.05 na 1.025 ni ndogo mno. Kinachookoa ni urefu: inua kuta za mwongozo, zile fupi za mdomoni mwa mtaro, juu ya usawa wa ardhi, tope likae juu.

Nilisema nitarudi kwenye nguvu za kuganda. Kuna kazi moja ya kupitisha bomba la nyaya chini ya barabara, mkandarasi simtaji. Ilikuwa Ijumaa. Adhana ilipokaribia mashine ikazimwa, watu wakaenda msikitini, wakapitia kula. Waliporudi, opereta akafungua pampu kwa nguvu ile ile aliyoiacha asubuhi. Haukupita muda, lami ikavimba, ikapasuka, tope likachomoza katikati ya barabara mbele ya daladala iliyojaa abiria. Opereta akasema pampu ina kasoro. Pampu ilikuwa nzima.

Tufanye hesabu. Tundu lina kipenyo cha sentimita 20, bomba la kuchimbia sentimita 10, urefu uliokwisha kuchimbwa mita 100. Tope limekaa kimya muda wote huo na limeganda mpaka paskali 15. Ili lianze kusogea lote kwa pamoja, msukumo unaohitajika ni nguvu ya kuganda mara nne, mara urefu, gawa kwa tofauti ya vipenyo. Inatoka kilopaskali 60. Udongo ulio juu ya tundu ni wa mita 3, na uzito wake ni kama kilopaskali 54. Na bado hatujahesabu uzito wa tope lenyewe. Ardhi iliinuka kwa sababu ilikuwa rahisi kuinua barabara kuliko kulivunja tope lililoganda.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kugusa pampu, zungusha bomba taratibu dakika kadhaa ili ulivunje tope. Kisha fungua pampu kidogo kidogo, macho kwenye geji. Na kama unajua kwamba kila siku kuna sala na chakula, na kila Ijumaa kuna pumziko refu zaidi, basi pima nguvu ya kuganda ya dakika 30, si ya dakika 10 peke yake. Ratiba ya kazi yako ni sehemu ya vipimo vya tope lako. Na pale bomba linapotokea ufukweni, tope likichomoza halitoki kwenye lami, linatoka kwenye matumbawe na kwenye mwani wa akina mama. Bentonaiti si sumu kali, lakini udongo mwepesi vile ukitanda majini unazuia mwanga na unafunika viumbe, na mwani uliopakwa tope hauna mnunuzi.

Kwenye zege mahitaji yanageuka. Tope lililokuwa zuri kwa kuchimba, lenye nguvu na lililobeba mchanga wake vizuri, ni baya kwa kumwagia zege. Linang'ang'ania nondo, linajificha kwenye pembe, na mchanga wake unaanguka juu ya zege linalopanda. Nguzo inatoka na mifuko ya udongo ambayo hutaiona mpaka nondo zimeshakula kutu, na kwa chumvi ya pwani yetu hazichukui muda mrefu. Kwa hiyo kabla ya zege tope lisafishwe au libadilishwe. Kiwango cha Ulaya cha kuta hizi kinataka wakati huo uzito uwe chini ya 1.15, faneli baina ya sekunde 32 na 50, na mchanga usifike asilimia 4 ya ujazo. Sampuli ichukuliwe chini kabisa ya shimo. Nasisitiza, chini. Ya juu kila siku ni safi.

Sasa maji, ambayo ndiyo niliyoyajia.

Maji ya visima vyetu yana matatizo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kalsiamu, kwa sababu yamekaa ndani ya mawe ya chokaa. Kalsiamu ikiingia kwenye tope la sodiamu inachukua nafasi baina ya vibamba na kuvibana. Hili lina tiba: magadi soda, yaani kabonati ya sodiamu safi, itiwe kwenye maji kabla ya udongo. Kalsiamu inatulia chini kama unga mweupe. Kwa kawaida nusu kilo mpaka kilo moja kwa mita moja ya ujazo inatosha kuifikisha pH, kipimo cha asidi na alikali, baina ya 8.5 na 9.5. Nasema safi, wala si yale mawe ya magadi ya kuivishia maharage, ambayo yanakuja na chumvi na mchanga wake.

La pili ni chumvi ya bahari. Hiyo haitolewi na magadi wala na kitu chochote ulicho nacho kazini. Chumvi inafupisha umbali ambao vibamba vinasukumana, vinakaribiana, vinakusanyika mabonge, vinazama. Ndiyo hii chupa ya kulia. Na angalieni hila yake: chumvi kidogo, au saruji kidogo iliyomwagikia tangini, mwanzoni hulifanya tope liwe zito zaidi. Fundi anapima faneli, anaona sekunde zimepanda, anafurahi, anasema leo tope limekolea. Tope linakufa. Maji yanalivuja, ukoko unanenepa kama godoro, na akiongeza maji kulipunguza anamalizia kuliua.

Kwa hiyo maji yapimwe kwanza: kiasi cha chumvi kwa kifaa cha mkononi kinachopima maji yanavyopitisha umeme, kalsiamu kwa vijiti vya karatasi, pH kwa karatasi. Vifaa vyote vitatu vinaingia mfukoni. Kalsiamu ikizidi kiasi cha miligramu 100 kwa lita, tia magadi. Chumvi ikiwa juu, tafuta maji mengine: leta kwa gari, au kama ni masika kusanya ya paa, maji ya mvua ni laini kuliko yote. Kama huna budi kuchimba kwenye ardhi yenye maji ya chumvi, vimbisha bentonaiti kwanza kwenye maji matamu, usiku kucha, ndipo ikutane na chumvi. Ikishavimba inavumilia zaidi. Ukiitia kavu kwenye maji ya chumvi haivimbi tena, hata ukikoroga mpaka kesho kutwa.

Na kama maji matamu hayapo kabisa, badilisha udongo. Sepiolaiti na atapulgaiti zina punje za sindano badala ya vibamba. Hazivimbi, zinashikana kwa kusokotana, na chumvi haizishtui. Sepiolaiti ipo nchini mwetu, Sinya, upande wa Amboseli, ndiyo ile iliyokuwa ikichongwa viko vya kuvutia tumbaku Arusha. Kasoro yake ni kwamba ukoko wake ni mbovu, maji yanavuja, kwa hiyo inataka kusaidiwa na wanga au selulosi.

Mpangilio basi ni maji, kisha magadi, kisha bentonaiti inyunyizwe polepole kwenye maji yanayozunguka kwa kasi, kisha ilale, na polima, yaani wanga, selulosi na jamaa zake, iwe ya mwisho kabisa. Polima ikitangulia inavifunika vibamba kabla havijafunguka. Nimewaona wanaotia vyote kwa pamoja kwa sababu gari ya maji imechelewa. Wanapata mabonge yenye unga mkavu ndani.

Limebaki moja, tope lililokwisha kazi. Lililochafuliwa na saruji lina kalsiamu nyingi na pH ya juu, halirudi tena kazini kwa bei nafuu. Lisimwagwe kwenye mtaro wa mvua, maana mitaro yetu inaishia baharini, wala kwenye pango, kwa sababu pango lile linawasiliana na kisima cha mtu. Likaushwe kwenye shimo lenye turubai, likandamizwe, na pahala pa kulipeleka pakubaliwe na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira kabla kazi haijaanza, si siku tangi limejaa na mkandarasi anapiga simu huku na huku.

Uani kuna mapipa matatu ya maji kutoka visima vitatu, na vipimo vyote vipo juu ya meza. Vijana watangulie wapime, waandike. Mafundi wakubwa watasema ni pipa gani wangelikataa, kisha tuone kama namba zinakubaliana nao.